Neno Moja Kwenye Mstari wa Kuwashia

Siku kampuni ilipotukabidhi zile kompyuta, meneja utumishi alipigwa picha akiwa amemshika mkono mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi, na mashine zimepangwa nyuma yao kama mateka. Hotuba ilikuwa ndefu. Alisema kiwanda hiki cha viatu ni familia, na watu wa familia hawanyimani maarifa. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimesaidia kuzishusha, na nilipoinua moja nilihisi ni nyepesi mno. Wageni walipoondoka nikachukua bisibisi nikaifungua. Hakuna diski. Nikafungua ya pili, nikaendelea hadi ya mwisho. Zote zilikuwa zimetolewa utumbo. Walituachia mafuvu, wakaondoka na makofi yetu.

Kiwandani wananiita Bwana Juzi, kwa sababu nikianza kueleza jambo husema "juzi hapa", kumbe ni jambo lililotokea kabla msikilizaji hajaota meno. Wacheke tu. Kuna watu wanaishi vizuri kwa sababu sisi tunasahau, na mimi sina nia ya kuwarahisishia maisha.

Wenzangu walitaka kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikawaambia ngojeni kwanza. Kazi yangu ni ufundi wa mashine za kukandamizia soli. Kompyuta sikuisomea popote, nilijifunza kwa kuharibu. Nilikuwa na laptopu ya mtumba iliyopasuka kioo kwenye kona, na nilikuwa na ubishi. Nilishasoma mahali kwamba kompyuta haihitaji diski ili iamke. Unaweza kuijengea mfumo mzima ukakaa ndani ya flashi, ukaichomeka ubavuni, nayo ikaamka kutoka humo kama vile haijawahi kuibiwa kitu.

Kazi hiyo inafanyika kwenye ile skrini nyeusi ya kuandika amri, hakuna kubofya wala kupapasa. Unaanza na folda tupu. Unaagiza mfumo wa msingi ushuke humo. Kisha kuna amri ya kuingia ndani ya folda, na ukishaingia, folda ile inajiona ni kompyuta kamili; haina habari kwamba kuna nyingine nje inayoibeba mgongoni. Humo ndani unapanga nyumba yako: programu ya kuandikia, fonti, jina la mtumiaji, picha ya ukutani. Ukimaliza unafagia takataka, unatoka, unaiminya folda nzima iwe faili moja, unaitengenezea sehemu ya kuwashia, unaichapa kwenye flashi. Ukikosea hatua, mashine inakutolea macho tu: weusi mtupu na kijistari kinachopepesa pale juu kushoto. Nilikitazama kile kijistari jioni nyingi hadi nikakichukia kama mtu aliyenitukania mama.

Mwisho ikakubali. Nilikuwa nimeiwekea mandhari nyekundu, na maandishi meupe katikati: *Karibu. Hapa ni kwetu.* Wanawake wa sehemu ya kushona ndio walioijaza ile ofisi ya chama wakijifunza kuandika. Mama Pacha, aliyewashinda wote, alikuwa akipiga herufi huku anazitukana.

"Hii N imejificha wapi tena? Toka nje, shetani!"

Kitu kimoja lazima nikieleze, maana bila hicho hamtaelewa tulivyofanyiwa. Mfumo wa namna hii, ukiuacha ulivyo, hauna kumbukumbu. Unachoandika kinakaa hewani, kwenye ile kumbukumbu ya muda inayoishi kwa umeme. Ukizima, kimekufa, na kesho mashine inaamka mpya kama mtoto mchanga. Ndiyo maana nilizikata flashi zetu sehemu mbili: moja ya mfumo, ambayo haiandikiki, na nyingine ya kutunzia kazi za watu. Na kwenye mstari wa kuwashia, ule ambao mashine inausoma kabla ya kitu kingine chochote, niliweka neno moja la kuiamuru itafute ile sehemu ya pili na ihifadhi humo. Ni neno moja tu. Likiwepo, mashine inakumbuka. Ukilitoa, kwa macho hutaona tofauti yoyote hadi siku utakayoitafuta kazi yako.

Mume wa dada yangu nilimfundisha mimi mwenyewe.

Shemeji alikuwa karani wa ofisi ya utumishi: mtu msafi, mpole, kalamu mfukoni, asiyeinua sauti hata akikanyagwa. Alikuja na maneno matamu kwamba kompyuta za ofisini zimejaa virusi, na angependa kujua namna ya kujenga mfumo unaoamka safi kila asubuhi. Nikamkalisha mezani kwangu jioni baada ya jioni. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hilo siwezi kumnyima. Aliuliza yanayoulizika. Siku moja aliweka kidole kwenye ule mstari akauliza, "Na hili neno, shemeji, linafanya nini?" Nikamweleza. Mwishowe aliomba folda yangu nzima akajizoeze nayo, nikampa. Sijutii kumfundisha. Maarifa ninayaficha ili iweje? Aliyekula nyumbani kwako akakusaliti, wa kuona haya ni yeye.

Sasa dada yangu. Ni mkubwa wangu, tumbo moja, na ndiye aliyenilea mama alipokuwa anaugua. Alikuwa chumba cha gundi. Huko wanapaka soli gundi kwa brashi kabla hazijaja kwetu kwenye mashine, na ile harufu inakusalimia ukiwa bado uko kwenye ngazi. Kuna dirisha moja, nalo linafunguka upana wa kiganja. Dada aliingia mle na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili ya barabara. Kufikia mwaka huo wa kompyuta alikuwa ananong'ona. Nyumbani, akitaka kusema, aligonga meza kwa kijiko ili tunyamaze, kisha akasema maneno machache na kupumzika, kama mtu anayepanda ghorofa. Daktari alimwambia wazi: ukiendelea humo, hata huko kunong'ona kutakwisha, na baada ya hapo ni pumzi.

Aliomba kuhamishwa. Wakamjibu kwamba hakuna nafasi.

Ndipo tukasikia mkaguzi wa kazi anakuja. Mkaguzi alikuwa na uwezo wa kuamuru chumba kifungwe hadi kitiwe madirisha, na wagonjwa wahamishwe. Ila sheria ina mlango mmoja mwembamba: lalamiko lazima liwe limefikishwa kwa mwajiri kwanza. Mkaguzi haangalii la kuokota njiani.

Uongozi ukajitia wema. Wakafungua dawati la malalamiko ndani ya jengo la utawala, kompyuta moja juu ya meza yenye kitambaa. Tangazo lilisema kila mfanyakazi aandike mwenyewe, kwa uhuru na kwa faragha. Karatasi hazitapokelewa kwa kuwa zinapotea. Sisi wa mashine tulikatazwa kukanyaga jengo lile saa za kazi. Wanawake wa chumba cha gundi wakapangiwa alasiri moja waende wote, na kwa kuwa wengi wao hawakuwa wepesi wa kuandika, wakamchukua Mama Pacha.

Alirudi amechangamka. "Bwana Juzi, wameiga yetu! Nimewasha nikaona nyekundu, nikaona 'Karibu, hapa ni kwetu.' Roho yangu ikatua. Nimewaandikia wote, na la dada yako nimelitia pilipili mpaka likawa linachoma."

"Umehifadhi?"

"Unanifundisha kazi? Nimehifadhi, kila moja nimeliita jina la mwenyewe, nimeyaona yamepangana kwenye folda kama soli. Nikasema nichapie nakala, yule binti wa dawati akasema printa haina wino."

Kwa hiyo waliiamini ile mashine. Ingekuwa na mandhari ya kampuni, na ile nembo yao ya kiatu chenye mabawa, wasingeandika hata jina. Wangesimama pale na kudai karatasi hadi kieleweke. Waliandika kwa sababu iliwasalimia kama sisi.

Siku ya mkaguzi, chama kiliruhusiwa wawakilishi wawili. Tulikwenda mimi na dada. Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye viatu vilivyochoka, mtu wa kusikiliza, sina ugomvi naye. Meneja utumishi alimpokea kwa tabasamu pana. Shemeji alisimama nyuma ya meneja na funguo za ofisi mkononi, akitazama sakafu.

"Dawati letu hili," meneja akasema. "Liko wazi kwa wote. Karibu uangalie."

Binti wa dawati akawasha. Mistari ikaanza kuporomoka kwenye skrini, nami nikaijua kabla nyekundu haijatokea. Fundi anaujua mkono wake. Hata kosa langu la tahajia kwenye ujumbe wa kuwashia lilikuwepo vilevile, halikuguswa. Folda ya malalamiko ikafunguliwa.

Nyeupe. Hakuna hata moja.

"Hakuna aliyelalamika?" mkaguzi akauliza.

"Ndivyo inavyoonekana," meneja akasema. "Tunajitahidi kuwatunza."

Dada alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa gundi iliyokauka, havikunjiki vizuri. Nikasema, "Mheshimiwa, waliandika. Mashine hii imejengwa isikumbuke. Naomba izimwe iwashwe tena, nikuonyeshe."

Mkaguzi akaruhusu. Niliisimamisha kwenye orodha ya kuwashia, nikabonyeza kitufe cha kuufungua ule mstari, nikauweka wazi mbele yake. Maneno yote yalikuwepo kama nilivyoyaandika mimi. Lile moja halikuwepo.

"Hapa palikuwa na neno la kuhifadhi," nikasema. "Limetolewa. Kila jioni wakizima, kila kilichoandikwa kinafutika."

"Unajuaje kwamba lilikuwepo?"

"Kwa sababu mfumo nimeujenga mimi."

Tabasamu la meneja likatanuka kama mlango wa gereji. "Ahaa. Umesikia, mheshimiwa? Mfumo ni wao. Na salamu yao nyekundu umeiona mwenyewe. Sisi tulitumia kitu cha chama chao kwa nia njema kabisa, ili watu wasitutilie shaka. Kumbe ni kibovu! Sasa lawama ije kwetu?"

"Siyo kibovu! Kimekatwa!"

"Punguza sauti," mkaguzi akaniambia, bila ukali. "Nani amelitoa hilo neno?"

Vidole vya dada vikazidi kukaza. Nilielewa anachoomba. Ni mumewe, baba wa watoto wake, naye amesimama hatua chache kutoka pale. Lakini nilikuwa na chumba kizima cha wanawake wanaokohoa mgongoni mwangu, na mtu pekee mwenye uwezo wa kukifunga alikuwa ananiuliza swali.

"Huyo hapo," nikasema. "Mwenye funguo. Mume wa dada yangu."

Shemeji aliinua macho. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole. "Mimi ni karani tu, mheshimiwa. Kompyuta nimefundishwa na huyuhuyu. Kama kuna neno halipo, labda alisahau kuliweka."

Mimi! Nilisahau! Meneja alicheka hadi akashika meza, na binti wa dawati akaziba mdomo. Mkaguzi akafunga mkoba wake taratibu.

"Naona hapa kuna ugomvi wa kifamilia," alisema. "Huo siwezi kuuamua. Mimi naitafuta kumbukumbu ya lalamiko lililomfikia mwajiri, na haipo. Mama, una la kusema wewe mwenyewe?"

Dada alifungua mdomo. Akaanza. Mkaguzi akainama, akaweka kiganja nyuma ya sikio, na akiwa hana nia mbaya kabisa akamwambia, "Sema kwa nguvu kidogo, mama, sikusikii."

Dada alijaribu tena, kikohozi kikamkata. Alikohoa muda mrefu. Tulisimama pale sote tukimsikiliza akikohoa, na hicho kikohozi hakikuandikwa popote. Mkaguzi alisema waandike malalamiko upya, atayapitia kwenye mzunguko mwingine. Wa mwaka ujao.

Jioni nilikwenda kwao. Nilipanga kumvunja taya. Nilimkuta shemeji mezani, shati la kazini bado mwilini, mikono ameilaza mbele yake kama mwanafunzi anayesubiri fimbo. Dada alikuwa ameketi upande wa pili.

"Nyoka wewe!" nikaanza. "Umelala na huyu mwanamke kitanda kimoja, unamsikia anavyokoroma kama mlango mbovu, halafu unafuta..."

Kijiko kikagonga meza.

"Ulijua yatafutika?" dada akamwuliza mumewe, ili nami nisikie.

"Nilijua."

"Mwambie kwa nini," dada akasema, akipumua. "Kama ulivyoniambia mimi sasa hivi."

Shemeji alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Waliniita. Wakasema wanataka dawati ambalo haliwasumbui. Wakasema nikilitengeneza, mke wangu anatoka chumba cha gundi. Kwa barua, sahihi na muhuri. Anahamia stoo ya viatu vilivyokamilika." Akatoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani. "Wewe ulikuwa unapigania chumba kizima, shemeji. Miaka mingapi umekipigania? Mimi nilikuwa na mtu mmoja."

"Na wale wengine? Wao hawana waume? Hawana watoto?"

"Wanao."

"Basi?"

"Basi hakuna. Hakuna aliyeniita kuhusu wao."

Nikamgeukia dada. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kwenye maandamano yangu ya kwanza, nikiwa sijui hata tunaandamania nini. Ndiye aliyewahi kurudisha zawadi ya sikukuu kwa msimamizi kwa sababu haikuwafikia wote, juzi hapa. Nilimngoja aichane ile bahasha. Nilikuwa na hakika, kama ninavyojua jina langu.

Aliipindua, akaitazama upande mmoja na mwingine. Akagonga meza kwa kijiko, ingawa tulikuwa kimya.

"Hiyo stoo," akamwuliza mumewe. "Ina madirisha?"

"Manne. Makubwa."

Akaiweka bahasha ndani ya kanga yake kiunoni, akaanza kuondoa vyombo. Aliosha vikombe. Shemeji alichukua kitambaa akawa anavifuta, kimoja kimoja, akivipanga kabatini. Niliondoka bila kuaga, na hakuna aliyenisindikiza.

Mnaweza kuniambia angefanya nini kingine. Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani kuhusu umoja, nzuri, ya moto, naijua neno kwa neno hadi leo. Sijawahi kumpa. Unamwambiaje mtu arudi akavute gundi kwa ajili ya hotuba yako?

Ofisi ya chama ilikauka watu. Niliweka tangazo, nikajenga upya mfumo wote tangu folda tupu, nikaukagua ule mstari mbele ya mashahidi. Walikuja wawili watatu, wakaiona nyekundu, wakakumbuka shughuli nyumbani. Mtu akikuibia pesa unapata nyingine. Wale walituibia rangi yetu, nami sijui inapatikana wapi.

Nafasi ya dada kwenye gundi ilihitaji mtu. Uongozi haukuhangaika kutafuta mbali. Walimtoa Mama Pacha sehemu ya kushona, yule aliyewaandikia wenzake, wakamwambia hongera, umepandishwa. Na ili kazi isilale, barua ya dada ilisema kabla hajaripoti stoo amwelekeze mrithi wake kwa asubuhi moja.

Asubuhi hiyo nilipeleka trei za soli juu, ingawa si kazi yangu. Mlango wa chumba cha gundi ulikuwa wazi. Wanawake walikuwa wameinama kwenye meza zao, na hakuna aliyemjibu dada salamu. Nafikiri hawakuisikia, au waliamua hawakuisikia. Dada alikuwa akimwonyesha Mama Pacha namna ya kuikamata brashi: chini, karibu na manyoya, usiichovye hadi shingoni. Alimwonyesha sehemu ya benchi iliyo karibu na lile dirisha. Kila kitu alikionyesha kwa mkono, akiokoa sauti.

Mama Pacha aliniona mlangoni akanitazama kidogo tu, kama anavyotazamwa fundi aliyekuja kurekebisha kitu asichoweza kukirekebisha. Kisha akageuka, akampa dada kisogo. Dada akachukua kitambaa, akakipitisha juu ya pua na mdomo wa Mama Pacha, akaanza kufunga fundo nyuma ya kichwa.

"Kaza, dada," Mama Pacha akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Kaza vizuri. Mimi kwa kusema nimeshamaliza, nilisemea kwenye mashine ya kaka yako."

Dada alikaza. Alilijaribu fundo kwa kidole kama limeshika, akanawa mikono kwenye ndoo, akapita pembeni yangu bila kuinua uso na kushuka ngazi kwenda stoo. Chini kabisa nikamsikia amesimama kuvuta pumzi.